Je, Wajua? Ufuko wa Katavi

Je, wajua kwamba mvua inayonyesha Ugalla huishia Bahari ya Atlantiki, wala si ya Hindi? Mto Ugalla hupitia Ziwa Sagara na kukutana na Malagarasi, Malagarasi humwaga maji Ziwa Tanganyika, ziwa nalo hutokea upande wa Kongo kwa Mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga huingia Mto Kongo unaofika baharini. Lakini Mto Katuma, unaopita Hifadhi ya Katavi, huenda Ziwa Rukwa, na Rukwa halina pa kutokea. Jirani wawili, na mmoja haoni bahari maisha.

Je, wajua kwamba mtu wa Mpanda anayetaka mchanga na mawimbi hana haja ya kupanda basi la Dar es Salaam? Ashuke Karema au Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Akiinama kuokota makombe ufukoni atadhani yuko Bagamoyo. Mpelelezi Speke alipofika ziwani mwaka 1858 aliyachukua, na mwaka uliofuata yakaelezwa kitaalamu Uingereza. Konokono wake wana magamba mazito, yenye miiba na mikunjo, kama wa baharini. Mwingereza J.E.S. Moore akashikilia kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara, akaandika kitabu kizima mwaka 1903. Alikosea. Ziwa limo ndani ya bonde la ufa, na maji yake ni ya mvua na mito. Magamba yale yana maelezo ya kusisimua zaidi: kaa wa ziwani wana magando ya kuponda, basi kizazi baada ya kizazi konokono wamezidi kujihami na kaa wamezidi kukaza magando.

Na yavuyavu? Wapo. Mjerumani Richard Böhm aliwaona ziwani mwaka 1883. Ni wadogo, duara la sentimita mbili hivi, wanang'aa kama kioo. Usiwaogope.

Wa kuogopwa ni nyoka wa majini, jamii ya swila, anayewinda samaki kwenye miamba ya ufuko na anayeweza kukaa chini ya maji dakika kadhaa. Jina lake la kisayansi lina neno "stormsi", kwa heshima ya Mbelgiji Émile Storms aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema miaka ya 1880. Heshima ya ajabu hiyo, kupewa nyoka!

Je, wajua kwamba ufuko wa Karema uliwahi kukimbia? Wabelgiji walianzisha kituo chao hapo mwaka 1879, karibu na maji. Hawakujua kwamba ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mpelelezi Stanley alipopita Lukuga mwaka 1876 aliukuta mlango umezibwa na tope na mafunjo. Miaka miwili hivi baadaye kizuizi kikasombwa, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka takriban meta kumi kabla ya karne kuisha. Kituo kikaachwa nchi kavu. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka: maji yamepanda, na watu wa mwambao, Kigoma hadi Bujumbura, wamehama nyumba. Anayejenga karibu na ziwa hili na asikilize wazee kwanza.

Dagaa wa Tanganyika, kwa taarifa yako, ni jamaa wa dagaa wa baharini. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane.

Turudi Ugalla. Ufuko wake ni kingo za mto, na hubadilika zaidi kuliko wa ziwa. Masika mto hufurika mbugani. Kiangazi hukatika na kubaki madimbwi, ambamo viboko, mamba na kambale hugombania tope moja huku korongo wakisubiri pembeni. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, na humo yumo korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu.

Zamani, Ugalla ikiwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliingia kwa kibali wakati wa kiangazi. Tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, na utaratibu ni mwingine.

Kwa Katuma kiangazi ni kikali zaidi. Viboko hurundikana kwa mamia katika dimbwi moja, madume wakiumana hadi damu. Mamba wao hawagombani na jua: huingia katika mapango waliyochimba kwenye kingo za mto, wakalaliana humo hadi mvua ya kwanza.