Modeli ya kihisabati ya VVU na matibabu

Modeli ya kihisabati ya VVU na matibabu ni seti ya milinganyo inayoeleza jinsi Virusi vya UKIMWI vinavyoenea katika jamii ambamo baadhi ya walioambukizwa wanatumia dawa za ARV. Hutumika kukadiria maambukizi ya miaka ijayo na kulinganisha sera za afya kabla hazijatekelezwa.

==Muundo==
Msingi wa modeli za aina hii uliwekwa mwaka 1927 na William Kermack na Anderson McKendrick wa Edinburgh, Uskoti. Waligawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wenye maambukizi, na waliotoka katika mzunguko huo kwa kupona au kufa. Kwa kuwa VVU haviponi, huongezwa kundi la wanaotumia dawa. Hao bado wana virusi, lakini huambukiza wengine kwa nadra sana. Mtu huingia kundi hilo anapoanza dawa na hutoka akiziacha. Modeli isiyohesabu wanaoacha dawa hutoa matumaini kupita kiasi.

==Namba ya uzazi==
Namba ya uzazi ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mtu mmoja katika jamii ambayo ugonjwa haujaenea. Ikishuka chini ya 1, ugonjwa hufifia. Kwa mfano, tuseme asiyetibiwa huambukiza watu 4, na dawa huzuia asilimia 90 ya maambukizi. Wakitibiwa asilimia 70, namba hubaki 1.48 na ugonjwa huendelea. Lazima watibiwe takriban asilimia 84 ili ishuke chini ya 1. Hesabu hiyo hudhani kwamba dawa huanza mara tu mtu anapoambukizwa. Kama kila mmoja huanza akiwa ameshaambukiza wawili, hata kuwatibu wote hakutoshi.

==Modeli na uhalisia==
Mwaka 2009 Reuben Granich na wenzake wa Shirika la Afya Duniani walichapisha modeli iliyotumia takwimu za Afrika Kusini. Ilionyesha kwamba kumpima kila mtu mzima mara moja kwa mwaka na kumpa dawa papo hapo kungeshusha maambukizi mapya chini ya mtu 1 kwa kila 1,000 kwa mwaka, ndani ya miaka 10 hivi. Wakati huo wagonjwa wengi walisubiri hadi kinga ishuke ndipo wapewe dawa. Mwaka 2015 shirika hilo lilipendekeza dawa kwa wote wenye VVU.

Majaribio katika jamii yalileta matokeo madogo zaidi. Katika jaribio la PopART la Zambia na Afrika Kusini (2019), upimaji wa nyumba kwa nyumba ulipunguza maambukizi kwa asilimia 30 katika kundi moja, lakini kwa asilimia 7 tu katika kundi lililopewa dawa zote mapema. Jaribio la SEARCH la Kenya na Uganda halikuonyesha tofauti ya wazi ya maambukizi mapya kati ya vijiji vilivyolinganishwa. Sababu mojawapo ni kwamba vijiji vya kulinganishia navyo vilianza kupata dawa mapema, sera za nchi zilipobadilika.

[[Jamii:Magonjwa ya kuambukiza]]
[[Jamii:Hisabati]]