Kuunda mfano wa chombo: Kazi ndogo iliyobeba kumbukumbu ya mtepe

KWA karne nyingi mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja wa chuma, ulibeba boriti na bidhaa nyingine katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ulitoweka baharini. Wataalamu waliotaka baadaye kujua jinsi ulivyoundwa walilazimika kutegemea maelezo ya wasafiri, picha chache, na mifano midogo ya mbao iliyotengenezwa na mafundi waliokuwa wakiufahamu.

Hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya kazi ambayo wengi huihesabu kuwa pambo la mezani. Hata hivyo, si kila mfano waweza kutoa ushahidi wa namna hiyo. Mfano uliochongwa kwa kukisia huonyesha sura ya chombo tu. Ule ulioundwa kwa kufuata vipimo na hatua za chombo chenyewe humfundisha anayeutazama kazi nzima ya fundi.

Kipimo hutangulia

Jambo la kwanza ni kuchagua kipimo na kukifuata hadi mwisho. Mathalani, katika kipimo cha moja kwa ishirini, jahazi lenye urefu wa mita 12 huwa na sentimita 60. Ubao wenye unene wa sentimita 4 huwa na milimita 2, na kamba yenye unene wa milimita 20 huwa na milimita 1. Kosa la kawaida ni kupunguza urefu na kuusahau unene. Matokeo yake ni kijahazi chenye mlingoti mnene kama mchi na kamba zinazofanana na nyoka.

Mafundi wengi wa vyombo vya pwani hawatumii michoro. Huunda kwa jicho, kwa uzoefu na kwa maarifa waliyorithi kwa wazee wao. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuunda mfano wa kweli hana budi kwenda ufukweni na utepe wa kupimia, katika maeneo kama Matondoni huko Lamu au Nungwi huko Unguja. Hupima urefu wa mkuku, upana wa katikati, kina, na mwinamo wa omo. Vipimo hivyo vikiandikwa, huenda vikawa maandishi pekee yatakayobaki baada ya chombo hicho kuchakaa na fundi wake kuondoka duniani.

Mbao nazo huhitaji uangalifu. Zinazofaa ni zile zilizokauka vyema na zenye nyuzi nyembamba, zisizopasuka ovyo. Mabaki ya msaji, mfenesi au mwembe yanayotupwa kwenye karakana hutosha. Mbao mbichi hunywea baada ya miezi michache, na viungo vilivyokuwa vimekaza huanza kuachana.

Kutoka mkuku hadi tanga

Mfano wa jahazi huanza kwa mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Mkuku hulazwa juu ya ubao ulionyooka na kubanwa, kisha husimamishwa mihimili ya omo na tezi. Kasoro ya milimita moja katika hatua hii huonekana wazi chombo kitakapokamilika, kwa kuwa kila kitu hufuata mstari wa mkuku.

Zinapofuata mbao za ubavuni, uvumilivu hujaribiwa. Kila ubao huchongwa peke yake, kwa kuwa upana wake hupungua unapokaribia ncha za chombo. Ubao huloweshwa katika maji ya moto, hupindwa taratibu na kubanwa hadi ukauke. Hupachikwa mmoja kulia na mmoja kushoto kwa zamu, ili upande mmoja usiuvute mkuku na kuupinda. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hukaza umbo hilo kwa ndani, na katika jahazi la kweli nyufa zilizo kati ya mbao huzibwa kwa kalafati.

Mwisho huja mlingoti, foromali na tanga. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele kidogo. Foromali, mti mrefu unaobeba tanga, mara nyingi huwa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Mtengenezaji anayechonga foromali ya kipande kimoja hupata mti mzuri wa kutazama, lakini amekwisha kuifuta mbinu mojawapo ya mabaharia.

Ugumu wa mtepe

Kwa upande wa mtepe, mambo hubadilika. Mlingoti wake ulisimama wima, tanga lake lilikuwa la mraba na la mkeka, na omo wake ulichomoza kama shingo ndefu. Masimulizi ya pwani huifananisha shingo hiyo na ya ngamia wa Mtume Muhammad (S.A.W.).

Lililo gumu zaidi ni mshono. Mbao zilipangwa ukingo kwa ukingo na kushikizwa kwa vijiti, kisha zikatobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mataruma yaliingizwa baada ya hapo na kufungwa kwa kamba vilevile. Vigingi vidogo vya mti vilisukumwa katika matundu ili kuibana kamba isilegee.

Ushonaji huo ni wa kale mno. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 Baada ya Kristo, uitwao Periplus, unavitaja vyombo vya kushonwa vya pwani hii na kueleza kuwa mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana navyo. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kuhusu vyombo vya Yemen na India kwamba kile kilichoshonwa hunyumbuka kinapogonga mwamba, ilhali chenye misumari huvunjika. Hasara yake ni kwamba maji yalipenya kwa wingi na mabaharia hawakupumzika kuyafua.

Mtengenezaji wa mfano aweza kubandika mbao kwa gundi na kuchora mishono kwa wino. Macho hayatagundua haraka. Lakini anayeshona kweli, kwa keekee ya milimita moja na uzi mwembamba, hutambua mwenyewe kwa nini mataruma hayakuweza kutangulia, na ni wapi kamba hulegea kigingi kisipokaza. Maarifa hayo hayamo katika picha yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya kwa ajili ya maonyesho katika jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 25, 2020. Tukio hilo lilikumbusha kuwa kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja haina usalama, hata ikiwa chini ya paa la makumbusho.

Leo boti za plastiki na injini zinachukua nafasi ya vyombo vya tanga, na yaliyoupata mtepe yaweza kulipata jahazi. Kwa hiyo anayeunda mfano, awe mwanafunzi au fundi anayewauzia watalii, afadhali auambatanishe na karatasi yenye mambo matano: aina ya chombo, mahali kilipoundwa, jina la fundi wake, miti iliyotumika, na vipimo vyake kamili. Kuyaandika hakuchukui hata saa moja, na huenda miaka 100 ijayo mtu atakayetaka kuunda jahazi asiwe na pengine pa kuanzia.