Gunia linyanyuliwe kwa miguu, si kwa kiuno

Wahenga walisema mtaji wa masikini ni nguvu zake mwenyewe. Mjini Tunduma, mkoani Songwe, usemi huo unaonekana kila siku. Nyuma ya malori yanayovuka mpaka wa Tanzania na Zambia kuna vijana wanaopakia na kushusha magunia ya mahindi na mifuko ya saruji. Mgongo ukigoma, hakuna kibarua wala hela ya chakula.

Wengi hudhani kinachoumiza mgongo ni uzito peke yake. Namna ya kunyanyua nayo ina mchango mkubwa.

Uti wa mgongo una pingili, na kati yake kuna visahani laini vinavyopunguza mtikisiko. Ukiinama miguu ikiwa imenyooka na mzigo ukiwa mbali na mwili, misuli ya kiuno huvuta kwa nguvu inayozidi sana uzito wa mzigo wenyewe. Visahani vya chini hubanwa. Ukijipinda hapo hapo, kisahani kinaweza kutokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Ndiyo maana maumivu ya kiuno wakati mwingine hushuka hadi mguuni.

Kwa hiyo, sogea karibu na mzigo. Tanua miguu usawa wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo. Kunja magoti, kifua kikiwa juu, vuta mzigo tumboni, kisha simama kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno. Mnaotwishana gunia, hesabuni pamoja ili mmoja asielemewe.

Dereva na utingo, ninyi mmekaa garini zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Kukaa muda mrefu hulegeza kano za mgongo. Mkishuka, msikimbilie turubai na magunia. Tembeeni kwanza dakika chache.

Hata hivyo, mbinu ina mipaka. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza mwanamume mmoja asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 100 linakaribia mara mbili ya hapo, na lumbesa huzidi. Tumieni toroli, bebeni wawili, na wenye mizigo wafungashe kwenye mifuko midogo. Mkanda wa kiunoni haumpi mtu ruhusa ya kuongeza uzito.

Ukiumia, usilale kitandani wiki nzima. Pumzika kidogo, kisha tembea taratibu kadiri unavyoweza. Lakini mguu ukipoteza nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia au kutoa haja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ni dharura, na kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.