Mchwa anakula mti, lakini bakteria ndizo zinafanya kazi

Kila mukaaji wa Kivu, Ituri ao Maniema anajua mchwa. Akiingia ndani ya nguzo ya nyumba, miezi inapita na kunabakia unga tu. Kadudu kadogo vile kanapata wapi nguvu ya kukula mti?

Jibu liko ndani ya utumbo wake. Mchwa peke yake hawezi kumaliza ile kazi. Utumbo umejaa bakteria na vijidudu vingine ambavyo macho haiwezi kuona. Ndivyo vinakata selulozi, sehemu ngumu ya mti, inakuwa sukari, na sukari inageuka asidi, ile ile yenye kufanya siki ikuwe kali. Mchwa anaishi kwa hiyo asidi. Ngombe naye anakula majani kwa njia yenye kufanana.

Mwaka 2007, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo juu ya mchwa waliokamatwa kule Kosta Rika. Ndani ya bakteria za utumbo wao kulipatikana mamia ya jeni zenye kuhusika na kukata miti. Wazo ni kuchukua jeni kama hizo na kuzitia ndani ya bakteria ao chachu yenye kulelewa ndani ya tangi, ili itoe enzimu za kugeuza takataka za shamba kuwa sukari. Kwa sukari kunatoka alkoli ya motokari na asidi ya kutengeneza plastiki.

Kwa mashariki ya Kongo, jambo hili ni la maana. Maganda ya kahawa, mabua ya mahindi na pumba za mupunga vinaoza ao vinachomwa, na huku miti inakatwa kila siku juu ya makala.

Lakini haiko jambo la kesho. Bakteria nyingi za mchwa zinakufa zikiguswa na hewa, na kuzilea inje ya utumbo ni nguvu. Kisha kuko lignini, ile gundi ya mti: inaomba takataka zipikwe kwanza kwa joto ao dawa, na ile inakula feza.

Kwa sasa, mwenye ngombe anaweza kutumia bakteria za kazi kama hiyo. Mavi ya ngombe na maji, ndani ya shimo lililojengwa na kufungwa vizuri hewa isiingie, inatoa gazi ya kupikia. Kinachobakia ni mbolea ya shamba.