Kabalo: Form ya Jioni ni Skima

Ukiwa Kabalo na jioni haina form, shuka Lualaba. Mimi nakushow, hiyo mto iko na stori kushinda base yoyote.

Wengi wanajua Kabalo juu ya treni. Reli ya kutoka hapa ilifika Kalemie 1915, na mpaka leo watu hushuka, wanangoja, wanahepa. Mto hawaucheki. Na jo, Lukuga inatoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie, inakuja kumwagika Lualaba hizi side za Kabalo, halafu Lualaba inasonga mpaka inageuka Mto Kongo. Maji mob, samaki mob, ndege pia mob.

Tokeni saa tisa na mbogi ndogo. Skizaneni bei na papa mwenye pirogi mkiwa bado nchi kavu. Luku iwe ya kupoa, kijani ama khaki, na kama kuna msee ako na darubini, huyo msimwache. Mdiria, yangeyange na fukombe mtawacheki mapema, hao wako kila siku. Wa kutafuta ni skima.

Maze, huyo ndege ni moto. Mgongo mweusi, tumbo nyeupe, mdomo wa machungwa, na ile nusu ya chini imepita ya juu. Jua likianza kuzama anashuka mpaka karibu aguse maji, anaachama, mdomo wa chini unakata mto kama makasi kwa kitambaa. Samaki akigongwa tu, mdomo unajifunga hapo hapo. Hahitaji kumwona, anamfeel. Dunia nzima ni aina tatu tu za ndege hula hivi: huyu wetu, mmoja wa Asia, na mwingine wa Marekani.

Upemba, kule juu ya mto, hifadhi tangu 1939, kuna ndege domo-kiatu, na ndiye hupewa sifa zote. Sawa, lakini huyo anataka safari ndefu na doo za maana. Skima unamcheki na mchana mmoja.

Maji ikishuka wakati wa kiangazi, mchanga unatokea katikati ya mto, na hapo ndio keja yake. Hajengi kitu, anachimba tu kashimo. Jua likiwaka, mzazi anaenda kulowesha tumbo, anarudi kulalia mayai akichuruzika maji ndio yapoe. Kifaranga anatoka mdomo ukiwa sawa juu na chini, ule wa chini unarefuka akikua.

So wasee, ile mchanga msishuke, hata kama selfie ni ya kuua. Mayai yana rangi ya mchanga, utayakanyaga na hutajua. Na mkimfukuza mzazi, jua linayapika. Kaeni kwa pirogi, papa ashike kasia polepole, mcheki kutoka mbali. Giza isiwapate majini, juu saa hizo kiboko naye anatoka kutafuta nyasi.