Je, wajua? Ngitili zilitangulia fedha za kaboni

Kabla dunia haijaanza kuzungumzia kuzilipa nchi maskini zitunze misitu, Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate malisho kiangazi. Adhabu ya anayevunja mwiko huo huamuliwa na dagashida, mkutano wa wanakijiji.

Ngitili hizo zilienea katika Mkoa wa Shinyanga, uliojumuisha pia wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Katika Shinyanga hiyo miti ilikuwa imefyekwa mno, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mpango wa kurudisha miti. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria faida yake, kwa kuni, malisho, asali na dawa, kuwa dola 14 kwa mtu kila mwezi.

Fedha za kaboni zilifuata baadaye. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya kutunza misitu, na shirika la TaTEDO likafanya majaribio ya mpango huo kwenye ngitili za Shinyanga na Kahama.

Kuna kasoro inayoniuma. Soko la kaboni hulipa mabadiliko yanayotokana na malipo yenyewe, kwa hiyo kijiji kilichorudisha miti mapema, bila kusubiri mnunuzi, ndicho chenye kazi ngumu zaidi ya kuthibitisha kwamba kinastahili kulipwa.