Antena ya Redio Juu ya Land Rover

Wakulima wa Malili, kama gari la chama chenu ni Land Rover ya zamani, wekeni sumaku ubavuni mwake. Itaanguka. Bati lile ni alumini, wala sumaku haishiki alumini. Basi antena yenye kitako cha sumaku itaanguka njiani, na dereva aliyekwama kwenye udongo mweusi hataweza kuita ofisi.

Lakini alumini si adui wa redio. Hupitisha umeme vizuri, na hilo ndilo antena hulitaka chini yake. Toboeni tundu katikati ya paa. Kwa ndani kwangueni rangi mpaka bati ling'ae, maana kitako lazima kiguse bati tupu. Kwa juu wekeni mpira wa kuzuia mvua. (Wanaoogopa kutoboa gari la chama wafunge kwa kishikio cha chuma ukingoni mwa paa, huko pia rangi ikwanguliwe.)

Paa la turubai au faiba halina kitu cha kuisaidia antena. Tandikeni bati chini yake. Kwa redio ya megahezi 150 lifike nusu mita kila upande.

Msibonyeze kitufe cha kusema kabla antena haijaungwa, redio isije ikaungua. Leseni iombwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.